Majina kwa Mwandiko, Namba kwa Herufi Wima



Redio haina karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo naomba msaada wenu. Aliye na kadi ya harusi karibu, hata ya harusi iliyokwishapita, ile iliyochomekwa pembeni mwa kioo cha kabati, aichukue aishike mkononi. Asiye na kadi atazame chupa ya manukato, au cheti kilichotundikwa ukutani. Mahali fulani hapo pana maneno yaliyochapwa kwa mashine, lakini yanajifanya yameandikwa kwa kalamu. Herufi ni nyembamba, zimelalia kulia, zimeungana moja na nyingine kwa mstari mdogo wa wino, na herufi ya kwanza imevutwa mkia mpaka ikakaribia ukingo wa karatasi. Hiyo ni fonti ya mwandiko, na ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Niseme hoja yangu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujiandaa. Fonti hii inafaa kwa maneno ambayo msomaji anayatarajia, na inaharibu maneno ambayo msomaji anakutana nayo kwa mara ya kwanza. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Turudi kwenye kadi. Somo la kwanza kabisa limo katika mistari ya juu. Familia ya Bwana na Bibi fulani inayo furaha kukualika. Nani asiyejua sentensi hiyo inavyoendelea? Jicho lako linaanza kwenye neno "Familia" na akili imeshafika "katika sherehe ya harusi ya mtoto wao mpendwa". Hukusoma, umekumbuka. Mwandiko ungeweza kuwa mwembamba mara mbili ya hapo, na bado ungeelewa. Kisha yanakuja majina ya maharusi. Hayo nayo unayajua, kwa sababu kamati ilishakupigia simu ya mchango wiki kadhaa zilizopita. Hapo mwandiko unafanya kazi yake vizuri mno: haukupi habari, unakupa heshima. Unakwambia kwamba jambo hili si tangazo la mnada, ni la watu, na wewe umefikiriwa.

Sasa shuka chini. Ukumbi. Barabara. Saa. Na namba ya simu ya kupokelea mchango, tarakimu kumi zilizopangwa kwa fonti ileile nyembamba, ambayo moja yake na saba yake zimetofautiana kwa kijistari kifupi tu. Hapa hakuna cha kukumbuka. Tarakimu haikisiwi. Ukikosea moja, mchango wako unaingia kwenye simu ya mtu asiyemjua bibi harusi wala bwana harusi. Fonti iliyokuwa hodari kule juu imegeuka kikwazo, na karatasi ni ileile, wino ni uleule. Kilichobadilika ni kazi.

Watu wengi hudhani mwandiko huu ulizaliwa kwa ajili ya sherehe. Asili yake ni ya kibiashara kabisa. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, palikuwa na walimu wa kuandika, watu walioishi kwa kufundisha vijana mwandiko mzuri. Vijana wale walikuwa wanakwenda kukaa kwenye ofisi za wafanyabiashara, kuandika barua, hati za mizigo na vitabu vya hesabu. Mwandiko waliofundishwa ulikuwa wa mviringo, wenye kulala, na kalamu ilikaa karatasini muda mrefu bila kunyanyuliwa, kwa sababu kila kunyanyua kalamu ni muda unaopotea. Unyoya uliochongwa ncha kali ulipobonyezwa kwenda chini, ulipanuka na kutoa mstari mnene. Ulipopandishwa, haukubonyezwa, ukatoa mstari mwembamba kama unaouona kwenye kadi yako. Unene na wembamba ule haukuwa pambo. Ulikuwa alama ya mkono uliobonyeza na mkono uliolegea.

Mmoja wa walimu hao aliitwa Charles Snell, aliyeishi kuanzia 1667 hadi 1733. Snell alipenda kanuni, na hakupenda madoido ya ovyo. Kwake yeye mwandiko ulikuwa chombo cha kazi. Zaidi ya miaka 200 baadaye, mbunifu wa herufi Matthew Carter, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1937, aliuchukua mwandiko wa Snell akautengenezea fonti, Snell Roundhand, iliyotoka mwaka 1966. Leo fonti hiyo imo katika kompyuta nyingi, na inapamba mialiko na vyeti duniani kote. Mwandiko wa karani wa hesabu umekuwa vazi la bibi harusi.

Lakini kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo mashine kuiga mkono? Jibu limo katika risasi, ile ya madini, si ya bunduki. Kwa karne nyingi herufi za kuchapia zilikuwa vipande vya risasi, kila herufi na kipande chake chenye kingo nne. Herufi wima inakaa vizuri ndani ya kipande hicho. Herufi iliyolala inataka kutoka nje. Mkia wake unamwangukia jirani, kichwa chake kinapita ukuta. Ukiuacha mkia utoke nje ya kipande, unavunjika mashine inapokandamiza. Ukiubana ndani, unapata mapengo kati ya herufi na mwandiko unakatika. Mwanzoni mwa karne ya 19, mjini Paris, mchapaji Firmin Didot alijaribu njia ya akili: akatengeneza vipande vyenyewe vikiwa vimeinama, ili herufi zilizolala zipangike na kuungana. Ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa na ya gharama.

Hata herufi za mlazo tunazotumia leo vitabuni, kwa jina la kitabu au neno la kigeni, zilianza kama mwandiko wa mkono. Zilitoka Venice, kwa mchapaji Aldus Manutius, na fundi aliyezichonga ni Francesco Griffo. Mwaka 1501 Manutius alichapa kazi za Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kitabu kizima kwa herufi za mlazo, tena kitabu kidogo cha kubebeka. Walikuwa wanaiga mwandiko wa wasomi wa Italia wa zama zao. Lakini tazama tofauti: herufi zile zililala bila kuungana. Risasi iliruhusu kulala, haikuruhusu kirahisi kushikana.

Kilichovunja ukuta ule ni picha. Teknolojia ya kupanga herufi kwa mwanga na filamu ilipoingia katikati ya karne ya 20, herufi haikuwa tena kipande cha risasi, ikawa kivuli. Na kivuli hakina ukingo. Kinaweza kumlalia jirani yake bila kuvunjika. Carter aliiunda Snell Roundhand kwa ajili ya mashine za namna hiyo, na ndiyo maana herufi zake zinaungana bila mshono kuonekana. Ukaja wakati wa kompyuta, na uhuru ukazidi.

Uhuru huo aliusubiri Mjerumani mmoja kwa zaidi ya nusu karne. Hermann Zapf alizaliwa Nuremberg mwaka 1918, akajifunza kuandika kwa kalamu mwenyewe, kwa kutumia vitabu. Mwaka 1944, akiwa jeshini, alikuwa na daftari dogo la michoro, na ndani yake palikuwa na ukurasa wa mwandiko mwepesi, wenye mikia mirefu. Baada ya vita alikuja kuwa bingwa wa herufi za vitabu. Palatino na Optima ni kazi zake. Lakini ukurasa ule wa daftari haukuwa na mashine ya kuubeba, maana mikia yake ilikuwa mirefu mno kwa kipande cha risasi. Mwaka 1998, mwaka ambao Zapf alitimiza miaka 80, kampuni ya Linotype ilitoa fonti iliyotokana na mwandiko ule, na jina lake ni Zapfino.

Zapfino inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha tabia ya ukoo mzima. Mwili wa herufi zake ndogo, kama vile a na e, ni mdogo sana ukilinganisha na urefu wa shingo na mikia. Ukiipanga kwa ukubwa mdogo, utaona michirizi mirefu yenye vidoto vya herufi katikati. Inataka nafasi. Mstari mmoja wake unakula nafasi kubwa kuliko mstari wa fonti ya kawaida. Na haina umbo moja kwa kila herufi. Herufi ileile ina maumbo kadhaa, na programu huchagua lipi litumike kwa kutazama jirani zake, ili mkia wa huku usigongane na shingo ya kule. Ukiandika jina la fonti yenyewe, Zapfino, kwenye kompyuta ya Mac, herufi zote saba hujikusanya ghafla na kuwa umbo moja lililochorwa pamoja.

Sisi wa pwani jambo hilo halitushangazi sana. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya herufi za Kilatini kushika hatamu, na katika herufi za Kiarabu kubadilika umbo ndiyo kanuni. Herufi baa ya mwanzo wa neno si baa ya katikati, na baa ya mwisho ni nyingine. Hata gazeti la Kiarabu linachapwa kwa herufi zilizoungana. Kule kuungana hakumaanishi chochote cha pekee, ndiyo maandishi yenyewe. Katika herufi za Kilatini mambo ni kinyume. Kitabu, gazeti na kibao cha barabarani vyote hutenganisha herufi, kwa hiyo herufi zikiungana tu, msomaji anahisi kuna mtu nyuma ya maneno. Nguvu yote ya fonti ya mwandiko imo katika hisia hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachapaji wetu wangefaidika wakilifikiria. Fonti hizi nyingi zilichorwa na watu waliokuwa wanawaza Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Kiswahili kina sura yake kwenye karatasi.

Chukua kalamu sasa hivi uandike neno "muumini" kwa mwandiko wa kuunganisha. Hesabu miguu. M ina mitatu, u mbili zina minne, m nyingine mitatu, i mmoja, n miwili, i mmoja. Miguu 14 iliyofuatana, na alama za kumsaidia msomaji ni vidoto viwili tu vya juu. Kwa fonti wima kila herufi inasimama peke yake na neno linasomeka. Kwa mwandiko mwembamba uliolala, unapata ukuta wa fito. Na Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo: umuhimu, mwanamume, ninyi na jamaa zao wote wa m, n, u na w.

Kisha kuna k na h. Katika mwandiko mwingi wa kuunganisha, tofauti ya herufi hizi mbili ni kijikunjo kidogo katikati. Kikiwa chembamba kikafifia kwenye chapa, kodi inakuwa hodi, kali inakuwa hali, na kaki inakuwa haki. Lugha yetu inatumia k kupita kiasi, kwa, katika, kuwa, na kila mara shingo ya k inapanda juu huku mikia ya y, j na g ya mstari wa juu yake inashuka: ya, vya, jioni, nyote. Ndiyo maana maandishi ya Kiswahili kwa fonti hii yanataka mistari iachane zaidi kuliko yale ya Kiingereza. Mchapaji akiacha mpangilio uleule uliokuja na kompyuta, mikia na shingo zinaingiana.

La tatu ni mwisho wa maneno. Fonti nyingi za mwandiko huja na herufi maalumu za kumalizia neno, zenye mkia mrefu wa kupendeza. Mbunifu wa Ulaya huweka jitihada kwenye d, t, s, y na h za mwisho, kwa sababu maneno yao huishia hapo. Maneno yetu karibu yote huishia kwenye irabu. Mikia yote ile ya kifahari inabaki bila kazi, huku a, inayomaliza maneno yetu mengi, ikiwa na umbo moja tu. Matokeo yake yanaonekana kwenye jina kama Saada, au kwenye mstari kama "karamu ya harusi ya watoto wetu". A zote ni pacha. Hakuna mkono wa binadamu unaoandika a tatu zinazolingana hivyo, kwa hiyo jicho linagundua mashine mara moja. Fonti iliyokuwa inajifanya mtu imejitaja yenyewe. Dawa yake ipo: fonti nyingi nzuri zina maumbo ya akiba, na programu za kupangia kurasa zina sehemu ya kuyafungua. Mchapaji afungue, abadilishe a ya pili na ya mwisho kwa mkono wake. Ni kazi ya dakika chache.

Na kwenye kadi zetu kuna ushahidi mwingine wa papo hapo. Katikati ya kadi huwa pameachwa vitone vya kujazia jina la mwalikwa. Katibu wa kamati huchukua bolpeni ya bluu akaandika Bwana na Bibi fulani, kwa haraka, kadi zikiwa zimerundikana mezani. Mwandiko wake umepinda, wino umekoza hapa na kufifia pale. Chini na juu yake fonti imelala kwa adabu zake. Kwa maoni yangu, jina lile la bolpeni ndilo linalopendeza kuliko yote kwenye kadi, kwa sababu ni la kweli. Kamati yenye mtu wa mwandiko mzuri imtumie yeye, na isihangaike kutafuta fonti ya kujaza majina kwa kompyuta.

Ziko pia sheria za karakana, nizipitie kwa haraka. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko. Kila herufi kubwa ya aina hii ilichorwa iongoze, ikifuatwa na ndogo. Ukizipanga kubwa tano pamoja, ni kama waheshimiwa watano mlangoni, kila mmoja akisubiri wenzake wampishe. Usiipange nyeupe juu ya rangi nzito kwa ukubwa mdogo, kwa maana wino unatanuka na kumeza mistari myembamba. Usimpe fundi wa kutarizi fonti nyembamba kwa ajili ya sare, kwani uzi una unene wake. Usiiweke kwenye bango la kusomwa na mtu aliye kwenye daladala. Na kwa kadi hizi za siku hizi zinazotumwa WhatsApp, kumbuka kwamba picha hubanwa inapotumwa, na cha kwanza kupotea ni ile mistari myembamba.

Mpinzani wangu atasema: mbona basi uzuri usishinde? Mtu akitaka kadi yake yote iwe ya mwandiko, ni sherehe yake. Namwelewa. Lakini namwomba atazame kanga. Hakuna chapa yetu inayobeba maneno ya ndani zaidi kuliko jina la kanga: mapenzi, vijembe, shukrani, dua ya mama. Yangeweza kuandikwa kwa mwandiko wa kubembeleza. Yanaandikwa kwa herufi kubwa, wima, nene, mstari mmoja, kwa sababu yanatakiwa kusomwa na jirani wakati mvaaji anapita. Nakshi imeachiwa pindo na mji. Waliotengeneza kanga walijua kugawa kazi: ua lipendeze, neno lisomeke.

Ugawaji huo ndio ninaoziombea kadi zetu, vyeti vyetu na mabango yetu. Kwenye cheti, jina la mhitimu liwe kwa mwandiko, na namba ya cheti kwa herufi wima. Kwenye kibao cha saluni, jina la saluni kwa mwandiko mkubwa, bei na simu kwa herufi wima. Kwenye jalada la riwaya ya mapenzi, kichwa cha maneno mawili kinaweza kulala na kuvuta mikia kinavyotaka, ila muhtasari wa nyuma uandikwe usomeke. Wala fonti nzuri hazihitaji kuibwa. Great Vibes ya Robert Leuschke na Dancing Script ya Pablo Impallari zinapatikana bure kwa leseni huru, hata kwa kazi za biashara.

Kabla hujamlipa mchapaji, chukua nakala ya majaribio umpe mtu asiyewajua maharusi kabisa. Muulize mambo matatu: ukumbi gani, saa ngapi, namba ipi. Akijibu papo hapo, chapisha. Akisita, au akiisogeza kadi karibu na macho, badilisha mistari hiyo mitatu tu. Majina yaache yalivyo.